Maswali ya Wasomaji: Nimezunguka hifadhi yote, mbona sioni kitu?

SWALI: Shikamoo mzee. Pembezoni mwa mji ninakoishi kuna hifadhi ndogo yenye msitu, kinamasi na njia za kutembea. Nilimaliza njia ndefu kuliko zote, nikaona miti na maji tu. Wenzangu wanasimulia ndege na kereng'ende. Nakosea wapi? Halafu kibao kinakataza kutoka njiani. Tope likijaa, nipite wapi?
— Msomaji mwenye haraka

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina ulilojipa limeshajibu nusu ya swali.

Hiyo njia ndefu achana nayo. Nenda alfajiri, maana ndege wengi huimba na kutafuta chakula saa hizo; jua likishakuwa kali hujificha. Tafuta mahali msitu unapokutana na maji, keti, nyamaza kwa robo saa nzima. Hapo huja wa msituni kunywa na wa majini kutua. Yangeyange anapowinda hutulia tuli, hata ukamdhani mfuko wa plastiki ulionasa kwenye matete.

Wala usitazame mbali tu. Kagua mashina ya matete yaliyo karibu nawe. Huenda ukakuta kitu kama mdudu mkavu wa rangi ya udongo, ameng'ang'ania shina, mgongo umepasuka na vijiuzi vyeupe vinachungulia. Hilo ni gamba la kereng'ende. Utoto wake wote aliuishi majini, wengine miaka kadhaa, akiwinda viluwiluwi na mabuu ya mbu. Siku ilipofika akapanda shina, akajivua, akaruka. Vile vijiuzi ni utando wa ndani wa mirija yake ya hewa. Liache hapo hapo, na mwenzako alione.

Kuhusu tope: pita katikati yake. Ndiyo, katikati! Viatu vinaoshwa. Kila anayelikwepa huipanua njia. Udongo unashindiliwa, vijitundu vya hewa vinazibika, mizizi inakosa pumzi na maji ya mvua hayanywei tena. Mwaka unaofuata dimbwi ni kubwa zaidi, na watu wanalizunguka kwa mbali zaidi. Kwenye daraja la mbao punguza mwendo, mwani uliolowa huteleza vibaya.

Vaa suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, kwa sababu kupe huvizia kwenye ncha za nyasi. Chura usimshike, hasa ukiwa umejipaka dawa ya mbu: ngozi yake hupitisha maji na hewa, na hiyo dawa nayo itapenya.

Simu iondoe sauti. Wapo wanaopiga milio ya ndege iliyorekodiwa ili wapate picha, nao wananiudhi kweli. Ndege mwenye kiota hudhani mvamizi ameingia eneo lake, akaacha makinda na njaa, akaenda kupigana na spika.