Usiongeze ploti, ongeza vijiji

SWALI: Mimi ni ofisa misitu wa wilaya, nasoma shahada ya uzamili ya usimamizi wa maliasili. Tasnifu yangu inauliza kama usimamizi shirikishi unaokoa misitu ya miombo. Nimepanga kupima ploti 40 (vipande vidogo vya msitu vya kupimia miti) katika msitu wa hifadhi wa kijiji kimoja na 40 katika msitu jirani usio na ulinzi. Msimamizi wangu anasema sampuli haitoshi. Niongeze ploti ngapi?

JIBU: Hongera kwa kurudi darasani, ndugu yangu. Ploti ulizonazo zinatosha. Kilichopungua ni vijiji. Kinachosimamia msitu ni kijiji: ndicho chenye kamati ya maliasili, sheria ndogo na doria. Wewe unacho kimoja kila upande, na ploti 40 ndani ya msitu mmoja bado ni msitu mmoja. Zigawe ploti hizo hizo 80 katika vijiji kumi, vitano vyenye hifadhi na vitano visivyo nayo, nane kila kimoja. Nauli itapanda, lakini utakuwa na cha kulinganisha.

Kuchagua vijiji hivyo ndiko kugumu zaidi, na hapo ndipo nimeona tasnifu nyingi zikianguka. Hifadhi za vijiji hazikugawiwa kwa bahati nasibu. Duru-Haitemba kule Babati, miaka ya 1990, wanavijiji walipinga mpango wa serikali wa kuufanya msitu wao kuwa hifadhi ya misitu ya serikali, wakaulinda wenyewe. Watu wa namna hiyo walikuwa na ari kabla ya karatasi yoyote ya hifadhi, kwa hiyo huwezi kuipa karatasi sifa yote. Tafuta vijiji vinavyofanana kwa umbali wa barabara, udongo na wingi wa watu.

Tena usichukue msitu wa jirani. Mchoma mkaa akifukuzwa hapa haachi kazi, anavuka mpaka. Msitu wa jirani utakuwa umeharibika kwa sababu wako umefungwa, na tofauti utakayoipata itakuwa imekuzwa.

Porini, pamoja na kipenyo cha mti kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, hesabu visiki, ukitenganisha vibichi na vya zamani. Mti uliosimama unasimulia miongo mingi. Kisiki kibichi kinasimulia mwaka huu. Hesabu na matanuri ya mkaa.

Kwa hali ya msitu kabla ya hifadhi kuanza, tumia picha za setilaiti za Landsat. Ni za bure, na zile za tangu miaka ya 1980 zina pikseli za mita 30, yaani kila nukta ya picha ni mraba wa mita 30 kwa 30 ardhini. Ila miombo hupukutisha majani kiangazi. Ukilinganisha picha ya Mei na ya Septemba utaona msitu umetoweka, kumbe umevua majani tu. Chukua za mwezi mmoja kila mwaka. Mimi hupendelea Mei au Juni, mawingu yamepungua na majani bado yapo.