Presha ya mimba ilishuka, moyo je?

*Mimba yangu ya kwanza presha ilipanda, mkojo ukawa na protini, nikapasuliwa kabla ya tarehe. Presha ilishuka na mtoto sasa yuko darasa la tatu. Bado kuna la kuogopa? (Msomaji, Tanga)*

Hongera kwa kuvuka salama, dada. La kuogopa hakuna, la kufuatilia lipo. Aliyepata tatizo hilo ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuugua moyo au kupata kiharusi baadaye kuliko asiyelipata. Kuta za mishipa ya damu huathirika, na kwa wengine mimba hufichua udhaifu uliokuwepo tangu awali. Chama cha Moyo cha Marekani kililiweka kwenye orodha ya vihatarishi vya moyo mwaka 2011.

Pima presha kila mwaka hata kama hujisikii vibaya. Ikisoma 140/90 au zaidi siku tofauti, usiridhike na kuambiwa "punguza mawazo". Kadi yako ya kliniki itunze. Inaniuma mama wa miaka 50 anapoulizwa habari za chumvi na sigara, mimba zake asiulizwe hata moja. Usingoje kuulizwa, sema mwenyewe.

*Kisukari cha mimba kilipotea nilipojifungua. Nipime tena? (Msomaji, Nakuru)*

Ndiyo. Wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3. Kisukari hicho hupenda kurudi, na kikirudi huharibu mishipa ya moyo kimyakimya.

*Mama mkwe anasema kunyonyesha kunachosha moyo. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)*

Mwambie kwa heshima kwamba sivyo. Tafiti zinaonyesha walionyonyesha huugua moyo kwa kiasi kidogo zaidi. Ila huenda mama ameona kitu. Ukiishiwa pumzi ukilala chali, ukaamka usiku kutafuta hewa, miguu ikavimba na moyo kwenda mbio, nenda hospitali siku hiyohiyo. Kuna ugonjwa wa misuli ya moyo kudhoofika, unaoanza mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi 5 baada ya kujifungua. Wengi huambiwa ni uchovu wa uzazi, wakachelewa.

*Hedhi ilikoma nikiwa na miaka 38. (Msomaji, Mombasa)*

Hiyo ni mapema mno, na moyo nao huathirika. Mwone daktari wa wanawake. Wengi wa umri wako hushauriwa kutumia homoni hadi karibu miaka 50, kama hakuna kizuizi cha kiafya.