Usiwe wa Kwanza Kurusha: Makombora ya Nyuklia Katika Mchezo wa DEFCON

Huu ni mwaka wa tatu nikicheza DEFCON, mchezo wa mkakati wa mtandaoni uliotolewa mwaka 2006 na kampuni ya Uingereza iitwayo Introversion Software, na katika mwaka wa kwanza nilishindwa karibu kila usiku kwa kosa moja tu, nalo ni pupa ya kurusha. Vijana wengi hapa Mjini Unguja wameanza kuucheza, nami nawaona wakiangukia shimo lile lile. Nawaandikia hao.

Dunia ya mchezo imegawanywa katika maeneo sita: Afrika, Ulaya, Urusi, Asia, Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kusini. Mimi huchagua Afrika kila ninapoipata, ingawa huwa inanigusa moyo kuweka makombora katika bara ambalo, kwa Mkataba wa Pelindaba uliotiwa saini Kairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, limejiharamishia silaha hizo. Mchezo huanza katika hatua ya 5 na kushuka hadi ya 1. Katika hatua mbili za mwanzo mchezaji hupanga rada, kambi za ndege, manowari na mahandaki ya makombora. Makombora yenyewe hayaruhusiwi kurushwa mpaka hatua ya 1 ifike.

Jambo la kulishika kuliko mengine yote ni kwamba handaki lina kazi mbili, na haliwezi kuzifanya kwa wakati mmoja. Likiwa katika hali ya ulinzi, hutungua ndege na makombora ya adui yanayolikaribia. Ukiligeuza ili lirushe, linaacha kulinda kabisa, na kugeuka kwenyewe kunachukua muda, kwenda na kurudi. Zaidi ya hapo, kombora la kwanza likishatoka, mahali lilipo handaki hilo panaonekana na wachezaji wote, hata wale ambao rada zao hazikufika kwako. Kwa kawaida kila mchezaji ana mahandaki sita, na kila handaki lina makombora kumi, kwa hiyo mwenye kuyageuza yote sita amejivua ngao yote kwa ajili ya makombora sitini.

Hivyo ndivyo nilivyofanya usiku mmoja, mara tu hatua ya 1 ilipofunguka. Mpwa wangu, aliyekuwa amekaa pembeni yangu kwenye mkeka, aliniuliza, "Mjomba, sasa nani anatulinda?" Nilimwambia atazame tu. Makombora yangu yalitoka moja moja, kwa kuwa handaki halitoi yote kwa mkupuo, yakajipanga angani kama siafu kuelekea kaskazini. Mchezaji wa Ulaya alikuwa hajageuza hata handaki moja. Aliyatungua juu ya Bahari ya Mediterania, moja baada ya jingine, na hesabu yangu ilipokaribia kwisha ndipo naye akarusha. Kairo ikapigwa, kisha Lagos, nami nikiwa na mahandaki matupu ambayo yalikuwa bado hayajamaliza kurudi kwenye ulinzi.

Wacheza bao watalielewa jambo hili upesi. Mwenye nyumba iliyojaa kete anaogopwa kwa sababu bado hajaigusa. Akishaimwaga kwa haraka, mpinzani anajua kilichobaki na pa kula. Tangu usiku ule, ushauri wangu ni kuacha mahandaki katika ulinzi na kuhesabu makombora ya adui. Akirusha makombora ishirini, andika ishirini. Yeye mwenyewe atakuonyesha mahandaki yake yalipo, na dakika ile anayorusha ndiyo dakika ambayo anga lake halina mlinzi. Hapo geuza mahandaki matatu, uyaache matatu yakulinde.

Rada nazo zisidharauliwe. Wazee wetu wanakikumbuka kituo cha Tunguu, ambacho Wamarekani walikijenga ili kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, mradi wao wa kupeleka watu angani, na ambacho watu wengi wa Unguja walikiogopa wakidhani ni kambi ya roketi, hata kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kilikuwa cha kutazama na kusikiliza tu, lakini hofu ile inaonyesha watu walifahamu kwamba anayeona mbali ana nguvu. Katika mchezo huu, rada iliyowekwa pembezoni mwa eneo lako inakupa muda wa kuliona kombora likija, na muda huo ndio unaoamua kama utageuza handaki au utaliacha lilivyo.

Kuhusu shabaha, fahamu kwamba kombora likiupiga mji huua takriban nusu ya watu waliobaki. Mji wa watu milioni kumi hupoteza kama milioni tano kwa kombora la kwanza, na kama milioni mbili na nusu kwa la pili. Kwa kanuni za kawaida unapata pointi mbili kwa kila milioni ya adui na unapoteza pointi moja kwa kila milioni yako, kwa hiyo kombora la nne juu ya mji mmoja ni karibu hasara. Ugumu ni kwamba ukituma machache hutunguliwa yote. Mimi hutuma mengi kutoka pande tofauti, nikipanga yafike kwa pamoja, na kwanza hupiga mahandaki, ambayo kila moja huhitaji kupigwa mara tatu ndipo livunjike.

Nyambizi ndizo ninazozithamini zaidi. Ziko kumi na mbili, kila moja na makombora matano, yaani sitini mengine ambayo adui hayaoni. Zinapaswa kuibuka juu ili zirushe, na zikiibuka zinaonekana na kuzamishwa kirahisi, kwa hiyo zisogeze polepole mpaka karibu na pwani, mahali ambapo kombora litafika kabla adui hajajipanga, na uziache kimya huko. Kasi ya mchezo hufuata mchezaji aliyeomba mwendo wa chini kabisa; omba mwendo huo bila kuona haya kila unapozitoa. Mchezo huanza kuhesabu muda wa mwisho pale sehemu kubwa ya makombora ya dunia inapokuwa imekwisha kutumika, na wengi huwa wameshamaliza yao wakati huo. Nyambizi zangu nane bado huwa chini ya maji.