Kuhusu mwenye nyumba wako

Mwanangu,

Umeniuliza kama "dour" ni tusi, maana wenzako hapo Aberdeen, Uskoti, ndivyo wanavyomwita mwenye nyumba wako. Tusi si lenyewe. Wala si sawa na kununa. Aliyenuna kuna kilichomuudhi. Mpe chai, mbembeleze, atakunjuka. Wa "dour" hajaudhiwa na mtu. Ndita ndiyo sura yake ya kila siku, na cheko hulitoa kwa mgao, kama sukari ya enzi zetu. Neno ni la Waskoti, na wajuzi hulirudisha kwenye "durus" ya Kilatini, yaani gumu. Hata anga huitwa hivyo, na nyumba za mawe ya kijivu kama hizo za mji wako.

Ila mimi lilinikuta kwenye matamshi. Kidato cha kwanza, mwalimu wa Kiingereza Mskoti, nikasoma kwa sauti, nikalitamka kama "sour". Akafunga kitabu. "Duua," akasema, "kama mnavyoomba." Akanisimamisha nilirudie mara 20, na kila nikisema, darasa zima linaitikia "Amina!" Nikaitwa Amina mpaka namaliza shule, mwanamume mzima. Juzi nafungua kamusi, matamshi yote mawili yamo. Yote mawili! Sikukosea.

Nimekwambia tangu mdogo: neno hulijui kwa kamusi, unalijua kwa mtu. Hili nililijua kwake. Vidole vyeupe vya chaki, shati lilelile, na miaka 4 sikuona jino lake. Nilimchukia. Hapana, nilimwogopa; kumchukia nilikuja kujaribu baadaye, na sikuweza vizuri. Ile kamusi ya kabatini, uliyoichorea punda ukachapwa na mama yako, ilikuwa yake. Siku ya mwisho aliisukuma juu ya meza bila kunitazama. "Ifunike, mvua inakuja." Nikaivulia sweta. Mvua yenyewe haikunyesha.

Sasa uhame au usihame? Hayo ni yako, umeshakuwa mtu mzima, sitii mkono. Ila kwenye barua yako umepitisha haraka kwamba usiku ule wa baridi ulikuta hita mlangoni, na aliyeileta hakubisha hodi. Mimi ningeanzia hapo. Basi, nimenyamaza.

Hiyo hita bado unayo?

Baba yako