Wa tisa kwenye orodha ya wapigaji

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kuendelea na besiboli ukiwa na miaka 38, hujawahi kuwa mzuri, vijana wanakuacha kwa mbio na nyumbani kila wiki unaulizwa goti limefanya nini tena. Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana swali hilo nimejiuliza mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, nikiwa benchi na barafu gotini.

Mimi nina 47. Nimecheza miaka 26, yote ya ridhaa, sijawahi kulipwa hata nauli. Nasimama besi ya pili, moja ya vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili apate pointi, na kwenye orodha ya wapigaji niko wa tisa, yaani wa mwisho. Kocha akikuweka hapo amekuambia kistaarabu kwamba gongo lako halimtishi mtu. Msimu uliopita katika mara 58 nilizohesabiwa kupiga nilipata mipigo 11, yaani mipira iliyonifikisha besi salama. Gawanya mwenyewe: .190. Najifariji kwamba Ted Williams, mpigaji wa ligi kuu ya Marekani, alipopiga .406 mwaka 1941, wastani ambao watu wanausimulia mpaka leo, hata yeye mara sita hivi katika kila kumi gongo lake halikuzaa mpigo. Faraja ya mfa maji, lakini ni faraja.

Sasa nikuambie kinachonirudisha uwanjani. Kwenye soka ukiwa dhaifu wenzako wanakunyima mpira. Wanapitishia upande wa pili na dakika tisini zinakwisha hujaugusa. Besiboli hakuna wa kukuruka. Zamu ya wa tisa ikifika imefika, hata kama tuko nyuma kwa pointi moja, iningi (awamu) ya mwisho, wawili wameshatolewa na wa tatu akitolewa mchezo umekwisha. Kocha anaweza kuingiza mwingine, ni kweli, ila timu yetu siku ikijaa sana tuko kumi na moja, na mmoja wao anauguza bega. Kwa hiyo nainuka. Uwanja mzima unasubiri mtu mmoja ambaye kila mtu anajua si mzuri, na mrushaji naye, awe hodari namna gani, lazima anirushie. Tena hakuna saa ya kumwokoa. Akiongoza kwa kumi bado anadaiwa auti ya mwisho, yaani kumtoa mpigaji wa mwisho, na anayetakiwa kumpa auti hiyo ni mimi. Sijaona mchezo mwingine unaompa mtu wa kawaida heshima ya namna hiyo.

Mara nyingi natolewa, usinielewe vibaya. Mpira ukigusa gongo karibu na kishikio mikono inawaka moto mpaka kwenye viwiko, na mpira wenyewe unajikokota kwa mrushaji kama kifaranga.

Utamu wangu mimi uko kwenye ulinzi. Mkimbiaji yuko besi ya kwanza, mpira unapigwa chini kwa mwenzangu wa kulia. Nakimbilia besi, mguu wa kushoto unaigusa, mpira unafika usawa wa kifua. Hapo usiudake kwa kuufumbata. Uache ugonge kiganja cha glavu tu, mkono wa kulia uwe umeshafika, vidole vitafute mshono bila macho kuangalia. Mpira una mishono 108 ya uzi mwekundu, na baada ya miaka vidole vinaijua kama ulimi unavyojua meno. Unarusha mita 27 na ushei kwenda besi ya kwanza huku yule mkimbiaji anakuja akiteleza kwenye vumbi, miguu mbele, kuelekea ugoko wako. Ukisikia "paa!" kwenye glavu ya mwenzako kabla mguu wa mpigaji haujagusa besi, wawili wametoka kwa mpira mmoja. Maisha yangu yote sijawahi kuuvusha mpira juu ya uzio, na silalamiki.

Umesema pia bado unakosa usingizi kwa kosa la mwezi uliopita. Karibu chamani. Bill Buckner aliachia mpira ukapita katikati ya miguu yake mwaka 1986, mechi ya sita ya World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani, timu yake ya Boston Red Sox wakafungwa na New York Mets. Watu wakamwandama miaka na miaka, wakasahau kwamba Boston walikuwa wameshapoteza uongozi kabla ya mpira huo, na kwamba mtu huyo alistaafu akiwa na mipigo 2,715. Wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake. Niliinua kichwa kumwangalia mkimbiaji kabla mpira haujaingia kwenye glavu, ukapita chini, wakaingia wawili. Mrushaji wetu, kijana wa miaka 19, hakunifokea. Aliniambia tu, "Mzee, shusha glavu, unaofuata unakuja kwako." Na kweli ulikuja kwangu. Niliudaka, nikatupa besi ya kwanza, auti. Tulifungwa vilevile.

Kuhusu goti: acha kujifananisha na Jamie Moyer, aliyeshinda mechi ya ligi kuu mwaka 2012 akiwa na miaka 49. Yule alikuwa mrushaji, na alikuwa na madaktari. Wewe pasha mwili nusu saa kabla ya kurusha mpira wa kwanza, na umwombe kocha akuhamishie besi ya kwanza, huko mbio ni kidogo. Mimi kocha wangu ameshanipa nafasi hiyo mara mbili. Nilimjibu kwamba goti likinisumbua nitamwambia. Hajauliza tena, na barafu naiweka akishaondoka.