Vishandu wamenipora simu Mwenge, ila safari hii hawakuingia

Jumanne iliyopita saa moja usiku nimesimama kituoni Mwenge namjibu mteja bei ya vitenge, ikapita boda na watu wawili, yule wa nyuma akaichomoa simu mkononi kama anachuma embe. Nikapiga yowe, boda wa kijiweni wakawaungia, mbele kidogo wale jamaa wakaitupa mtaroni wakatokomea.

Naiokota, kona imepasuka, kioo kimejaa tope, na imejifunga inadai PIN. Wakati mimi nimeiseti ikae wazi dakika kumi ndo izime, maana sisi wa biashara mtandaoni hatuwezi kufungua fungua simu siku nzima. Nikajua ile kitu niliyoiwasha, ya simu kujifunga yenyewe ikiporwa, imefanya kazi. Nikalia pale pale.

Mwaka juzi Kariakoo waliikwapua ikiwa wazi hivyo hivyo, kabla sijafika nyumbani wameshawaandikia wateja wangu "tuma hela kwa namba hii". Mama mmoja wa Morogoro akatuma 85,000. Nimemlipa mimi, kidogo kidogo miezi mitatu, na hajanunua kwangu tena. Ndugu zangu wakasema nilijitakia, na hilo neno bado linaniuma.

Sasa sikilizeni. Hiyo kitu Google waliileta 2024, inakubali kuanzia Android 10. Simu ina sensa za mtikisiko, ikinyakuliwa ghafla halafu ikaanza kwenda mbio, iwe kwa miguu au pikipiki, inaelewa huu ni wizi inajifunga yenyewe. Ingia settingi, kwenye Google, tafuta sehemu ya ulinzi wa wizi uwashe. Kuna na ya kujifunga simu ikikatwa intaneti, washa na hiyo. Wenye iPhone, tangu iOS 17.3 ya Januari 2024 mnaweza kuwasha ulinzi ambao simu ikiwa mbali na sehemu ilizozizoea kama nyumbani, mwizi hata akiijua PIN habadilishi nywila ya Apple bila sura yako na kusubiri lisaa lizima.

Ila akikuchomolea taratibu kwenye daladala sensa haishtuki, kwa hiyo weka PIN na kwenye laini. Jamani washeni! Duka lako, wateja wako, jina lako, vyote viko humo humo mkononi, unangoja nini?

Yule mama wa Morogoro nimemtumia maelekezo haya pia. Tiki zimegeuka bluu tangu jana, bado hajajibu.