Mwanangu, tibu choo kwanza

Mwanangu mpenzi,

Unasema leo ni siku ya 12 tangu ujifungue. Ukienda haja kubwa kuna kinyama kama harage kinatokeza kisha kinarudi chenyewe, damu mbichi inadondoka, na umefika mahali unajinyima chakula ili usiende chooni. Halafu unaniuliza: je, utakatwa? Na ule unga wa jirani wa "kukausha" uupake?

Kwa hali uliyoeleza, kwa kawaida mtu hakatwi. Na ule unga usiuguse kabisa. Dawa nyingi za namna hiyo hukausha kwa kuunguza. Zinaunguza kinyama, zinaunguza na ngozi nzima iliyokizunguka, na kovu likishapona njia ya haja kubwa inabaki nyembamba. Hapo ndipo watu wanapofikishwa kwenye kisu ambacho walikuwa wakikikimbia.

Hiyo ni bawasiri, wengine huiita mgoro. Si nyama mpya iliyoota. Kila mtu, mwanamume na mwanamke, ana vifuko laini vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, vinavyosaidia kuziba ili hewa na choo visitoke ovyo. Wakati wa mimba tumbo la uzazi liliilemea mishipa hiyo, homoni zikailegeza na kuupunguzia utumbo mwendo, halafu siku ya uchungu ukasukuma kwa nguvu zako zote. Vifuko vikavimba na kushuka. Kikitoka na kurudi chenyewe ni daraja la pili. Ukilazimika kukirudisha kwa kidole ni la tatu. Kisiporudi kabisa ni la nne, na ni hilo la nne, pamoja na la tatu lililo sugu, ambalo madaktari huhangaika nalo. La kwako kwa wazazi wengi hunywea ndani ya wiki chache, mradi usilichokoze kila asubuhi kwa choo kigumu.

Ndiyo maana nakuambia tibu choo kwanza. Kujinyima chakula ni kosa kubwa kuliko yote. Choo hakiishi kwa kuwa umekula kidogo. Kinakaa ndani, utumbo unaendelea kukinyonya maji, na siku kikitoka kinatoka kama jiwe. Kinachana, unaogopa zaidi, unazuia tena.

Sasa tazama sahani yako. Mtori, supu, uji mweupe, ugali wa sembe: vyakula vya heshima vya mzazi, ila nyuzinyuzi ni chache mno. Unahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 12, chungwa moja lililoliwa na nyama yake kama 3 (juisi iliyochujwa haina maana hapa), kikombe cha mchicha au matembele yaliyopikwa nacho huongeza kidogo. Badili sembe kwa dona, uji uwe wa ulezi, papai asubuhi, na kila siku kitu kimoja cha jamii ya maharage: choroko, kunde, mbaazi, chochote kilichopo. Mtori usiuache, uongezee tu pembeni. Panda polepole kwa muda wa wiki moja au mbili, maana ukiyavamia maharage kwa siku moja tumbo litajaa gesi na utanilaumu mimi.

Maji yawe lita mbili na nusu hadi tatu. Unanyonyesha, kwa hiyo sehemu ya maji unayokunywa inakwenda kwa mtoto. Njia rahisi ya kukumbuka ni glasi moja kila anaponyonya. Kama hapo nyumbani hawataki mzazi anywe maji ya baridi, kunywa ya uvuguvugu bila ubishi, utumbo haubagui.

Chakula kikichelewa kuleta matokeo, nunua duka la dawa unga wa isabgol, yaani maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi nyingi. Kijiko kimoja cha chai kwenye glasi kubwa ya maji, koroga, unywe hapo hapo kabla haujawa uji mzito, kisha glasi nyingine ya maji matupu juu yake. Anza mara moja kwa siku, baada ya siku tatu waweza kufanya mara mbili. Ukiunywa bila maji ya kutosha, unga huo unavimba na kuziba badala ya kulainisha. Usitegemee matokeo kesho. Subiri siku mbili au tatu. Dawa ya maji ya laktulosi, ya kulainisha choo, nayo ni salama kwa anayenyonyesha, mililita 15 mara mbili kwa siku.

Vidonge vyako vya kuongeza damu, FEFO, vinaweza kukaza choo na kukifanya cheusi. Usiviache kwa uamuzi wako, maana bado unapoteza damu. Mwambie nesi wa kliniki, atakuelekeza.

Chooni: nenda dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa tumbo likipokea chakula utumbo wa chini huamka. Haja ikikubana usiiahirishe, hata kama mtoto analia; mpe mtu ambebe. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda cha kama sentimita 20 chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Usibane pumzi. Toa hewa kwa mdomo taratibu, kama unapuliza jiko la mkaa. Una nyuzi za kushonwa, basi shika pedi safi uibonyeze kidogo mbele, juu ya mshono, wakati choo kinatoka. Nyuzi ni nadra kufumuka, na ukijua hivyo hutajikaza kwa woga. Dakika tano zikipita bila kitu, inuka. Simu ibaki chumbani, naijua tabia yako.

Ukimaliza chamba kwa maji, usikwangue kwa karatasi. Sabuni ya manukato na Dettol viache. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini.

Kisha beseni la kukalia. Tafuta pana la peke yako, lisilofulia wala kumwogeshea mtoto. Maji kina cha sentimita 8 hivi, uvuguvugu wa kupimwa kwa kiwiko kile kile unachopimia maji ya mtoto. Kaa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, moja iwe baada ya choo. Maji matupu yanatosha, huna haja ya chumvi wala mwarobaini. Inuka polepole ukishika ukuta, kizunguzungu cha mzazi ni cha ghafla. Na hili lipokee kwa busara: mama mkwe anakukanda kwa maji ya moto, na kwa mgongo na miguu sina neno maadamu hayaunguzi. Lakini taulo linalofuka mvuke lisifike kwenye mshono wala huko nyuma, ngozi ya pale imelegea na inaungua upesi. Mwambie, "Mama, nesi amesema huku yawe vuguvugu." Neno la nesi hupita mahali ambapo la mkwe halipiti.

Pakivimba sana, chukua barafu ndogo za mifuko zinazouzwa mtaani, uifunge moja kwa kanga, weka dakika 10. Isiguse ngozi moja kwa moja. Baridi ya hapo haizuii maziwa.

Maumivu: parasetamoli mbili za miligramu 500, saa sita zipite kabla ya nyingine, zisizidi nane kwa siku. Dawa yenye kodeini kataa, inafunga choo na si nzuri kwa anayenyonyesha. Krimu za bawasiri zenye haidrokotisoni zinapunguza mwasho lakini zisizidi siku saba, maana zinachakaza ngozi. Nyonyesha ukiwa umelala ubavu, usikae kwenye kiti kigumu saa nzima.

Siku kinyama kisiporudi, nawa mikono, lala ubavu, paka kidole mafuta ya mgando, ukibonyeze taratibu ndani huku ukipumua. Kikigoma usishindane nacho. Kikiwa cheusi au cha buluu, kigumu na kinauma mno, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mtu asije akakitoboa kwa sindano wala wembe.

Hakikisha pia damu inatoka wapi. Bado unatoka damu ya uzazi, ni rahisi kuchanganya. Pangusa mbele kwanza, kisha nyuma kwa kitambaa kingine. Damu ya bawasiri ni nyekundu ya kung'aa, inabaki juu ya choo au inadondoka baada yake. Iliyochanganyika ndani ya choo si ya kukaa nayo nyumbani, nenda hospitali. Vivyo hivyo damu ya mbele inayolowanisha pedi nzima ndani ya saa moja, homa ya 38 na zaidi, usaha au harufu kwenye mshono, kushindwa kukojoa, kuishiwa nguvu, au choo na hewa kukutoka bila kujua. Maumivu kama wembe yanayobaki saa nzima baada ya choo mara nyingi ni mchaniko wa ngozi ya njia ya haja kubwa, una tiba yake.

Haya yote ukiyafuata wiki nzima bila nafuu, usingoje hudhurio la siku ya 42. Na ukifika usiseme "tumbo linanisumbua", watakupa dawa ya minyoo. Sema: "Nina bawasiri tangu nijifungue, inatoka na kurudi, inavuja damu, nanyonyesha, nataka kuangaliwa." Nesi wa wodi ya wazazi husikia hayo kila siku.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako